Sanamu si lazima ifanane na mheshimiwa

Hebu piga hesabu ya sanamu za katikati ya jiji la Nairobi. Kimathi Street yuko Dedan Kimathi, amesimama na bunduki yake tangu 2007. Moi Avenue yuko Tom Mboya, aliyewekwa 2011, si mbali na mahali alipouawa mwaka wa 1969. Pale KICC, Mzee Jomo Kenyatta ameketi kwenye kiti chake. Wote watatu ni wanaume, wote ni wanasiasa au wapiganaji, na wote wametengenezwa kwa kanuni moja: lazima wafanane na picha zao.

Sina shida nao, wanastahili kuwa pale. Shida ni kwamba tumezoea kudhani sanamu ina kazi hiyo moja tu. Ndiyo maana kule Eldoret sanamu za wanariadha ziliposimamishwa, mtandao mzima ulicheka kwamba hazifanani na watu, hadi zikaondolewa. Na kusema kweli, ukiahidi sura ya mtu halafu ulete kitu kingine, utachekwa tu. Lakini nani alisema ni lazima uahidi sura?

Sasa twende New York kidogo. Jengo la makumbusho ya Metropolitan lina vishubaka vinne kwenye ukuta wa mbele, vilivyotengenezwa kwa ajili ya sanamu tangu 1902. Vilikaa vitupu zaidi ya miaka 100. Mwaka wa 2019 vikajazwa, na aliyevijaza ni mzaliwa wa Nairobi, Wangechi Mutu. Aliweka wanawake wanne wa shaba, wengine wameketi, wengine wamepiga magoti. Huwezi kusema huyu ni fulani. Miili yao imezungukwa na mikunjo kama kamba au nguo, na vichwani wana visahani vinavyong'aa: mmoja mdomoni, mwingine machoni, mwingine kwenye paji la uso, mwingine kisogoni. Jua likipiga, visahani hivyo vinarudisha mwanga mtaani.

Wazo lake lilikuwa kali. Tangu zamani, Ugiriki hadi hapa Afrika, wasanii wamechonga wanawake wakibeba vitu: nguzo za majengo, viti vya machifu. Mutu akawatua mzigo. Wanawake wake hawabebi kitu, wameketi tu wima kama wenye nyumba. Sasa niambie, ujumbe huo ungefika vipi kama angechonga mwanamke mmoja mwenye jina na cheo? Tungeanza kubishana alitoka kabila gani na alipigia nani kura. Mwili usio na jina unampa nafasi mama mboga, nyanya yako kijijini, na wewe pia.

Usidhani kwamba kuacha kufananisha ni njia ya mkato. Shaba hii ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati. Kwa njia ya kale ya kusubu, unatengeneza umbo la nta, unalifunika kwa ganda gumu, unachoma hadi nta inayeyuka na kutoka, kisha unamimina madini yenye joto la nyuzi 1,000 hivi. Ukikosea, unaanza upya. Si mchezo.

Najua utasema barabara zina mashimo na sisi tunaongea sanamu. Sawa. Lakini kaunti zinajenga sanamu hata hivyo, kwa pesa zako, na wewe huulizwi. Unakuja kuona kitambaa kikitolewa na mheshimiwa akipiga picha. Basi kama pesa zinatumika, tudai mambo mawili. Kwanza, mashindano ya wazi, ili vijana wanaosomea sanaa na wale wa jua kali wanaoyeyusha vyuma walete michoro, na wananchi waione kabla ya kazi kuanza. Pili, angalau sanamu moja isiyo ya mwanasiasa yeyote, yenye umbo la mtu wa kawaida.

Mkenya amejaza vishubaka vilivyokaa vitupu karne nzima katika jiji la wenyewe. Hapa kwetu hatukosi kona tupu. Kaunti yako ikitangaza sanamu nyingine, nenda kwenye kikao cha maoni ya umma ukaulize: huyu anatuwakilisha sisi, au anamwakilisha aliyeagiza?