Muuza dawa, niulize kwanza ninameza nini

Mwaka juzi, rafiki yangu tuliyekaa naye hosteli moja alianza kukohoa. Sote tulisema ni baridi ya Julai. Wiki tatu baadaye alipimwa makohozi, akaambiwa ni kifua kikuu. Alianzishiwa dawa za miezi sita, bila malipo, akawa anazimeza kwa nidhamu ambayo mimi sina hata katika kupiga mswaki. Alikuwa akitutania kwamba mkojo wake umegeuka rangi ya Fanta.

Mwezi wa nne wa matibabu alinunua P2 katika duka la dawa karibu na steji. Aliimeza siku iyo hiyo, ndani kabisa ya zile saa 72 ambazo kila msichana wa chuo anazijua. Aliyemuuzia alimuuliza swali moja tu: "Unalipa keshi ama M-Pesa?" Wiki sita baadaye, kipimo kilionyesha mistari miwili.

Sisi marafiki, wataalamu wa kila kitu, tukatoa hukumu papo hapo. P2 ilikuwa feki. Wengine wakasema pembeni kwamba hakuimeza kwa wakati, anadanganya. Hakuna aliyezitaja dawa za TB. Zitahusianaje na mimba?

Kumbe zinahusiana sana. Binamu yangu anayesomea ufamasia ndiye aliyenifungua macho, na tangu siku hiyo jambo hili halinitoki kichwani.

Iko hivi. Mwili huichukulia dawa kama mgeni asiyefaa kukaa sana. Ini limejaa vimeng'enya, ambavyo wengi tunaviita enzaimu, na kazi ya baadhi yavyo ni kuibadilisha dawa iwe kitu ambacho figo au nyongo inaweza kukitoa nje. Kimoja chao wanasayansi wamekipa jina kama la namba ya gari, CYP3A4, nacho hushughulikia sehemu kubwa ya dawa tunazotumia. Homoni iliyomo ndani ya P2, levonorjestreli, ni miongoni mwazo.

Sasa, katika dawa za TB kuna moja inayoitwa rifampisini, hiyo hiyo inayopaka mkojo rangi. Ikiingia kwenye ini, huliamuru litengeneze vimeng'enya hivi kwa wingi. Fikiria kiosko kilichokuwa na mhudumu mmoja, ghafla kina watano: foleni inaisha haraka. P2 inapofika inakuta kikosi kizima kikiisubiri, na kiasi cha homoni kinachobaki kwenye damu kinaweza kushuka hadi karibu nusu. Tena wale wahudumu wa ziada hawaondoki siku unayomaliza dawa. Ini huchukua wiki kadhaa kurudi lilivyokuwa.

Siwezi kuapa kwamba hicho ndicho kilichomfika rafiki yangu. P2 hufeli hata kwa mtu asiyetumia dawa nyingine yoyote. Lakini hatari hiyo inajulikana, na haikujulikana jana. Nchini Uingereza, mamlaka ya dawa ilitoa ushauri mwaka 2016 kwamba mwanamke aliyetumia dawa za aina hii katika wiki nne zilizopita awekewe koili ya shaba, na kama haiwezekani, apewe P2 kwa kipimo maradufu. (Usikimbie kujiongezea kipimo mwenyewe kwa kusoma hapa. Zungumza na mfamasia. Na dawa za TB usiziache hata siku moja!)

Wala usiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wanawake wenye vipandikizi mkononi waliokuwa wakitumia ARV zenye efavirenzi walishika mimba zaidi kuliko wenye vipandikizi waliotumia nevirapini. Efavirenzi nayo huchochea ini vivyo hivyo. Hata hivyo, vipandikizi viliendelea kuwashinda watumiaji wa njia nyingi nyingine, kwa hivyo asitoke mtu hapa akienda kung'oa chake. Siku hizi wengi wamehamishiwa dolutegraviri, ambayo haina shida hiyo na homoni za uzazi.

Na hapo ndipo ninapokasirika. Mgonjwa anayetumia dolutegraviri akipatikana na TB, kliniki humwongezea dozi: badala ya tembe moja kwa siku anameza mbili, asubuhi na jioni, kwa sababu ya rifampisini hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba mfumo wetu wa afya unaijua habari hii vizuri na unaifanyia kazi. Mbona basi haifiki kwenye kaunta ambako vijana hununua P2 Jumapili asubuhi?

Nimewahi kumwuliza muuza dawa mmoja. Alinijibu kwamba wateja wa P2 huja wameinamisha kichwa na hawataki maswali. Ni kweli. Nani atasema "niko kwa dawa za TB" au "niko kwa ARV" na nyuma yake kuna foleni ya watu wanne, mmoja wao jirani ya mama yake? Lakini huhitaji kumtoa mtu siri. Inatosha kusema, "Kuna dawa za TB, za kifafa na nyinginezo zinazopunguza nguvu ya hii. Kama unatumia yoyote, tuongee pembeni." Hiyo ni sekunde kumi. Kliniki ya TB nayo, inapomweleza msichana habari za mkojo, imweleze na hili. Mvulana pia aelezwe, maana P2 nyingi hutumwa kununuliwa na wao.

Sisi vijana nasi tuna letu. Hosteli nzima tunagawana tembe kama chumvi: "Meza hii, mimi ilinisaidia." Ilikusaidia wewe na ini lako. Hapo jirani, Ethiopia ilipiga marufuku kodeini mwaka 2015. Kodeini hugeuzwa na ini kuwa mofini, na huko takriban watu 3 kati ya 10 wana vimeng'enya vinavyoigeuza kwa kasi kupita kiasi. Dawa ambayo kwa mmoja ni ya kutuliza maumivu, kwa mwenzake inaweza kuzuia pumzi.

Rafiki yangu alimaliza dawa zake na akapona. Mtoto wake sasa anatembea, na ana kelele kuliko mamake. Juzi nilipita duka lile lile la karibu na steji kununua dawa ya mzio. Nilisubiri kwa makusudi, nikamwangalia mhudumu usoni, nikampa nafasi.

"Keshi ama M-Pesa?" akaniuliza.