Si Mchezo wa Watoto

Ndugu msomaji, kuna neno linalotembea midomoni mwa wazee na walimu wetu mpaka limekuwa kama hukumu iliyokwisha katwa. Neno lenyewe ni hili: "Kitabu cha katuni si kitabu." Mtoto akionekana nacho huambiwa akiweke chini, akatafute kitabu cha maana. Mtu mzima akionekana nacho huchekwa. Sisi tunasema kwamba hukumu hiyo si ya haki, na dalili yetu ni kitabu kimoja ambacho kila mwenye insafu akikisoma atakubali kuwa kinastahiki kukaa safu moja na vitabu vikubwa vya fasihi. Kitabu hicho ni "Palestine" cha Joe Sacco.

Sacco ni mwandishi wa khabari, mzaliwa wa Malta, aliyefanya makazi yake Marekani. Mwisho wa mwaka 1991 na mwanzo wa 1992, wakati wa Intifadha ya kwanza, alikaa kiasi cha miezi miwili katika Baitul Muqaddas, Ukingo wa Magharibi na Gaza. Aliingia majumbani mwa watu, akaketi nao, akanywa chai yao, akauliza na akasikiliza. Kisha akayachora aliyoyaona na aliyoyasikia, yakatolewa kwa sehemu 9 kati ya 1993 na 1995. Walionunua wakati ule walikuwa wachache. Mwaka 1996 kazi hiyo ilipewa tunzo ya American Book Award, na mwaka 2001 ikatolewa yote katika jalada moja, pamoja na utangulizi wa Edward Said, mwanachuoni mashuhuri wa Kipalestina.

Sasa na tuzitazame hoja za wapinzani, moja baada ya moja.

Husema kwanza kwamba picha ni za watoto. Je, wasemao hivyo wamepata kukifungua kitabu chenyewe? Imo humo khabari ya mtu aliyekamatwa usiku na kuwekwa kizuizini ili aulizwe maswali. Mwanzo wa kisa, kila ukurasa una picha chache kubwa. Siku zinavyopita, picha zinazidi kuwa nyingi na kuwa ndogo, mpaka ukurasa mzima unajaa vyumba vidogo vidogo vilivyobanana, na ndani yake yumo mtu yule yule, gunia kichwani, amefungwa, amenyimwa usingizi mpaka anaona yasiyokuwapo. Msomaji mwenyewe anahisi pumzi zinambana. Mwisho mtu huyo anaachiliwa, na mara picha inafunguka: barabara, watu wanapita na shughuli zao, kama kwamba hapana lililotokea. Mshairi anapobana vina na mizani ili msikilizaji auhisi uzito wa neno, tunamwita fundi. Huyu amezibana picha kwa kusudi hilo hilo. Kwa nini naye asiitwe fundi?

Husema pili kwamba kuchanganya picha na maneno si desturi ya vitabu vyetu. Hili ni neno la mtu asiyeijua desturi anayoitetea. Mwaka 1237 Yahya al-Wasiti alizinakili Maqamat za al-Hariri kwa mkono wake, na yeye mwenyewe akazichorea picha: misafara ya ngamia, misikiti, masoko, hata jahazi iliyojaa abiria. Nuskha hiyo iko Paris mpaka leo, na watu wa elimu huisafiria kwenda kuitazama. Kalila wa Dimna, aliyoitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa, nayo ilinakiliwa karne na karne ikiwa na picha. Je, vitabu hivyo vilikuwa vya watoto? Ama khitilafu za wanavyuoni juu ya kuchora viumbe wenye roho, tunazijua, na mahala pake ni penginepo. Lakini nyumba inayonunua gazeti kila asubuhi na kuwasha televisheni kila jioni haiwezi kuikumbuka khitilafu hiyo siku ya kuletewa kitabu hiki tu.

Husema tatu kwamba hizi ni khabari, na khabari si fasihi. Basi tuwaulize: Al-Inkishafi inasimulia nini, ikiwa si majumba ya Pate yaliyokuwa na watu na taa, kisha yakawa magofu? Magofu yale yalikuwa ya kweli, na ukweli wake haukuipunguzia Al-Inkishafi daraja yake. Fasihi haiwi fasihi kwa kuwa imezuliwa. Inakuwa fasihi inapolichukua jambo lililompata mtu mmoja na kulitia ndani ya kifua cha mtu mwengine aliye mbali. Sacco amemchora mzee aliyelazimishwa kuikata mizeituni yake kwa mkono wake mwenyewe, naye akaona kama anamuua mwanawe. Karibu na mwisho amemchora mtoto aliyesimamishwa mvuani na askari waliojikinga chini ya paa, wakimuuliza maswali, naye amevuliwa kitambaa chake cha kichwa. Askari hawakumpiga. Wamemsimamisha tu, na maji yanamtiririka usoni. Msomaji anabaki akijiuliza: mtoto huyu, akiwa mtu mzima, atakuwa na nini moyoni? Hotuba ngapi umezisikia juu ya Palestina ambazo zimekuachia swali kama hilo?

Husema nne kwamba mtungaji si katika sisi, basi atatusemea nini? Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Sisi ndio umma ambao wanavyuoni wake wa Hadithi walijenga elimu nzima juu ya swali moja: nani kakusimulia, naye kasikia kwa nani? Tazama basi mwenendo wa mtu huyu. Katika kitabu chake chengine, "Footnotes in Gaza" cha mwaka 2009, alikwenda kuwatafuta wazee walioyaona mauaji ya Khan Younis na Rafah ya Novemba 1956, ambayo taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyataja kwa hesabu ya watu 275 na 111. Mzee mmoja alisimulia kwamba alikuwapo nduguze walipouawa. Wengine wakasema hakuwapo. Sacco hakuificha khitilafu hiyo ili kisa kipendeze. Aliweka kila usemi mbele ya msomaji, na akaonyesha kwamba lililokosana ni kumbukumbu, ama mauaji yenyewe yalithibiti. Wangapi katika wasimulizi wetu wana uaminifu huo?

Wala hakujipendelea nafsi yake. Katika "Palestine" amejichora kwa sura ya kuchekesha, midomo mikubwa na miwani isiyoonyesha macho, mwoga mbele ya bunduki, mwenye uchu wa kupata kisa kizuri kutokana na msiba wa watu. Na wamo pia wanawake wawili wa Kiisraili wa Tel Aviv wanaomdai auone na upande wao. Mtu anayeandika kwa kutaka kushangiliwa tu haandiki hivyo.

Msomaji mpenzi, jambo hili si la kushindania majina ya daraja tu. Tangu vita vilivyoanza Oktoba 2023, picha za Gaza zimeingia katika simu za vijana wetu usiku na mchana. Kidole kinapita juu ya maiti, kisha juu ya mpira, kisha juu ya upishi wa biriani. Mwanzo moyo hushtuka, kisha huzoea, na moyo uliozoea ni karibu na moyo uliokufa. Kitabu hiki hakipitwi kwa kidole. Ukurasa mmoja wenye umati wa watu unakulazimisha usimame, utazame kila uso. Na kambi ya Jabalia aliyoichora, matope yake, paa zake za bati, vijumba vilivyoshikana, sehemu yake kubwa imebomolewa katika vita hivyo. Kilichochorwa kimekuwa ushahidi wa kisichokuwapo tena.

Na tuseme haki yote. Kitabu hiki kina maneno makali ya askari na ya wafungwa, na yamo mateso. Hakifai kutupwa mikononi mwa mtoto mdogo. Lakini hiyo ni dalili juu ya wapinzani, si yao: kitabu kisichomfaa mtoto kinaitwaje cha watoto?

Hata huko ng'ambo haki haijatimia. Mwaka 1992 tunzo ya Pulitzer ilipopewa "Maus," kitabu cha katuni cha Art Spiegelman juu ya babake aliyeokoka katika kambi za mauaji za Hitler, ilitolewa kama tunzo makhsusi, nje ya milango ya kawaida ya riwaya na tarikhi. Ni kama mgeni aliyeandaliwa chakula kizuri, lakini barazani.

Basi sisi tusimuweke mgeni huyu barazani. Mwalimu wa fasihi akisomeshe darasani pamoja na tenzi na riwaya. Wenye maktaba wakiweke rafuni kwa watu wazima, si kwenye kapu la vitabu vya kuchezea. Na wewe uliye nyumbani, ukikipata, usijisomee peke yako. Keti na wazee wako baada ya Isha, uwafasirie maneno kwa Kiswahili huku wakizitazama picha. Bibi asiyejua herufi moja ya Kiingereza atamtambua mama aliyefiliwa na mwana, na atamwombea dua kabla hujamaliza kufasiri. Kisha muulize yeye kama kitabu hicho ni cha watoto.