Yowe la Simu Liwe na Mwitikiaji

KATIKA vijiji vya Bariadi, Itilima na Maswa kila mtu mzima anajua maana ya yowe. Likipigwa usiku haliwi la jirani mmoja. Mwenye rungu huchukua rungu, mwenye tochi huchukua tochi, na asiyetoka huulizwa kesho yake alikuwa wapi. Desturi hiyo ndiyo iliyowapa nguvu Sungusungu walipoibuka Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati Bariadi ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga na wizi wa ng'ombe umewachosha wananchi. Filimbi iliyolia katika kijiji kimoja ilidakwa na kijiji cha pili, na mwizi akakuta njia zimezibwa. Aliyekataa kuitika alitozwa faini. Mwaka 1989 Serikali ikawatambua kwa sheria.

Tumeanza na habari hiyo kwa sababu siku hizi vijana wabunifu, hapa nchini na katika nchi jirani, wanaunda programu za simu za kupashana habari za mtaa na kutahadharishana juu ya hatari: moto, wezi, mafuriko, mtoto aliyepotea. Sisi tunaliunga mkono jambo hilo. Tena tungependa Mkoa wa Simiyu, pamoja na visiwa vilivyo ng'ambo ya Ghuba ya Speke, uwe miongoni mwa mahali pa kwanza pa kulijaribu. Lakini tunaliunga mkono kwa sharti, na sharti lenyewe linawahusu watumishi wa Serikali kuliko linavyowahusu vijana hao.

Ndugu zetu wa Ukara na Ukerewe hawahitaji kukumbushwa tarehe 20 Septemba, 2018. Siku hiyo kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara. Kwa hesabu ya Serikali walikufa watu 228, na waliookoka ni 41. Kivuko hicho kiliruhusiwa kuchukua abiria 101. Hesabu hiyo yatosha kuonyesha kwamba kosa halikuwa la kujificha. Abiria zaidi ya mara mbili ya kiasi hawawezi kupanda chombo pasipo watu kuona, na katika umati kama huo simu hazikosekani mifukoni. Kitu kilichokosekana ni namba moja ambayo mwananchi yeyote angeipiga akijua kwamba mwenye kuipokea ana amri ya kukizuia chombo kisiondoke, na ataulizwa asipokizuia.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Programu ya simu inaweza kulipaza yowe mbali kuliko filimbi yoyote. Haiwezi kumlazimisha mtu kutoka nyumbani. Kama ofisa hakupangwa kuitika, tahadhari mia moja zitamiminika kwenye simu za watu, watazisoma, watasikitika, watalala. Baada ya miezi miwili hakuna atakayezisoma tena.

Chukua mfano wa tembo. Wananchi wa vijiji vya Busega, Itilima, Bariadi na Meatu, vilivyo jirani na Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, wanajua hasara ya usiku mmoja. Kundi likishaingia shambani, mahindi ya msimu mzima hayafiki asubuhi. Wananchi hupiga madebe na kuwasha moto. Askari wa wanyamapori nao ni wachache na masafa ni marefu. Tahadhari iliyotumwa kijiji cha kwanza kilipowaona tembo ingekipa kijiji cha tatu nafasi ya kujiandaa, na ingemwonyesha askari njia ya kushika. Tena ingeacha kumbukumbu ya saa na mahali. Jambo hilo si dogo kwa mkulima anayedai kifuta jasho, ama kwa wafiwa wanaodai kifuta machozi, ambao mara nyingi hutakiwa kuthibitisha mambo yaliyotokea gizani.

Tunao mfano wa jirani. Mwaka 2012 zilienea habari za Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja, karibu na Nakuru nchini Kenya, aliyewatahadharisha watu wake kwa mtandao wa Twitter. Usiku mmoja aliarifiwa kuwa wezi wamevamia nyumba, akatuma ujumbe, na wanakijiji wakakusanyika nje ya nyumba hiyo hata wezi wakakimbia. Wengi hawakuwa na simu za gharama. Walipokea maneno yake kama ujumbe mfupi wa kawaida. Hapakuwa na mtambo wa ajabu. Palikuwa na mtu mmoja anayejulikana kwa jina na cheo, na watu waliozoea kuitika.

Upande wa pili wa jambo hili unatisha, na hatutauficha. Yowe la uongo huua. Mwaka 2018 nchini India uvumi juu ya wateka watoto, uliosambazwa kwa WhatsApp, ulisababisha watu wasio na hatia kupigwa hadi kufa, hata kampuni yenyewe ikalazimika kupunguza idadi ya mara ambazo ujumbe huweza kupelekwa mbele. Sisi wa kanda hii hatuna haja ya kwenda India. Vikongwe wameuawa Usukumani kwa sababu ya macho mekundu na neno la mganga. Sungusungu wenyewe, pamoja na sifa zao, walipata kuwaadhibu watu ambao mahakama haikuwasikiliza. Kwa hiyo programu itakayoruhusu jina au picha ya mtu kutangazwa kuwa mwizi au mchawi kabla ya polisi kuhakikisha, tutakuwa wa kwanza kudai ifungwe. Itangaze hatari na mahali pake, majina iyaache. Na anayepiga yowe ajulikane na wenye kuisimamia, hata kama hatangazwi kwa watu wote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na izingatiwe.

Zipo pia kanuni zinazowataka watoao habari mtandaoni kuwa na leseni. Tunaomba wahusika watofautishe baina ya gazeti na mkulima anayesema tembo wamevuka barabara. Mkulima huyo si mwandishi wa habari, wala hana haja ya kuwa mwandishi.

Na vijana wabunifu wasijenge kitu cha watu wa mjini tu. Mvuvi wa Ukara mwenye simu ya kitochi aweze kupata tahadhari ya dhoruba iliyotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa ujumbe mfupi wa Kiswahili, kabla hajasukuma mtumbwi, maana akishafika mbali ziwani mtandao hukatika. Mama wa Bariadi aweze kutoa taarifa kwa kubonyeza nyota na namba, kama anavyotuma fedha, bila kukatwa salio.

Tunapendekeza jaribio lianze mahali pachache: vijiji viwili vitatu vilivyo mpakani mwa hifadhi, mwalo mmoja wa Busega, na gati za Bugolora na Ukara. Wakuu wa wilaya zinazohusika wakutane na vijana hao, polisi, askari wa wanyamapori, wasimamizi wa vivuko na viongozi wa wavuvi. Kisha watangaze hadharani, kwa kila mahali, cheo cha mtumishi atakayeshika simu saa nane za usiku, muda aliopewa kuitika, na nani atamwuliza asipoitika. Gazeti hili liko tayari kuchapisha orodha hiyo bila malipo.