WENYE MAHEMA NA WAPISHI WA HARUSI WASISAHAULIWE

Mara nyingi tumesema katika ukurasa huu kwamba mfanyakazi si yule tu aendaye kiwandani king'ora kinapolia. Leo twataka kuwasemea wafanyakazi wa sherehe: wapishi, wapambaji, wenye mahema na viti, wapiga muziki, na vijana wapandao lori alfajiri kwenda kufunga kamba, wasirudi makwao ila usiku wa manane.

Ugonjwa wa Korona ulipoingia Kenya mwezi Machi 2020, Serikali ilikataza mikusanyiko, na tangu tarehe 27 ya mwezi huo watu wakaamriwa kukaa majumbani kutoka saa moja jioni hata saa kumi na moja alfajiri. Hatuilaumu amri hiyo, kwani ilikusudiwa kuokoa maisha. Lakini mzigo wake haukuwaangukia watu wote sawasawa. Mwezi Julai harusi ziliruhusiwa kuwa na watu 100. Machi 2021 idadi ikashushwa hata 30. Na kafyu haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Mpishi aliyezoea masufuria kumi ya pilau, nani atamwita kulisha watu thelathini? Shangazi za bibi harusi watatosha.

Lililowaumiza zaidi lilikuwa arubuni. Kamati za harusi zilikuwa zimekwisha kutoa fedha, sherehe zikaahirishwa, nazo zikataka kurudishiwa chao, haki yao. Lakini fedha hizo zilikuwa zimekwisha kugeuka vitambaa, vyombo na ujira wa vibarua. Wako waliouza mahema kwa bei ya kutupa ili walipe, na mtu aliyeuza hema lake ameuza jembe lake.

Serikali haikukaa kimya. Aprili 2020 ilipunguza kodi ya mishahara kutoka asilimia 30 hadi 25, na kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo kutoka asilimia 3 hadi 1. Mwezi Mei ikatenga shilingi bilioni 2 za mikopo nafuu kwa mahoteli. Yote hayo yalikuwa mema. Lakini punguzo la kodi humfaa mwenye mapato, na mikopo ya hoteli haimfikii mwenye mahema mawili na viti mia mbili. Mfuko wa Hustler, uliofunguliwa Novemba 2022, ulianza na mikopo ya mtu mmoja isiyozidi shilingi 50,000. Hizo ni fedha za kununua vyombo, si za kurudisha biashara iliyokufa.

Watasema wengine kwamba sherehe ni anasa, na fedha za umma zisipotezwe kwa keki na maua. Ndugu hao na wasimame siku moja nyuma ya hema. Watamwona mchele wa mkulima wa Mwea, mbuzi wa mfugaji, kazi ya fundi cherehani, na kijana ambaye ujira wa Jumamosi hiyo ndio chakula cha wiki nzima kwake.

Hawaombi sadaka. Iko sheria ya mwaka 2017 inayoruhusu mali inayohamishika kuwa dhamana ya mkopo; basi mahema, viti na vyombo vya muziki vikubaliwe na mabenki bila kudai hati ya shamba. Nao wenyewe waungane katika vyama vya ushirika, maana mtu mmoja mmoja hasikilizwi, na ushirika huo usiwe wa wenye mali peke yao: kibarua wa kupakia viti awemo, na ujira wake uandikwe.

Jambo la tatu halihitaji sheria wala mkopo. Serikali na kaunti ni wakodishaji wakubwa wa mahema na viti, na madeni yao kwa watu wanaowahudumia ni kilio cha miaka mingi. Kabla ya kukodi viti vya sikukuu ijayo, na walipe vya sikukuu iliyopita.