Dawa ya Majaribio si Uji, Mgonjwa Aulizwe

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni wazi. Aliyelemewa na maradhi hana haja ya kuulizwa iwapo anataka kusaidiwa. Apikiwe, aletewe, anyweshwe. Methali hii ina utu mwingi, nami sina nia ya kuibeza. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo haliingii ndani yake, nalo ni dawa ambayo bado imo katika majaribio. Uji tunaujua. Dawa ya majaribio haijajulikana vyema hata na yule anayeitoa. Kwa hiyo, mgonjwa wa saratani anayetakiwa kujiunga na majaribio ya namna hiyo sharti aulizwe, tena aulizwe kwa lugha anayoielewa.

Nalisema hili nikiwa ndani yake. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, na ni mgonjwa wa saratani ya matiti. Maradhi yaliponirejea, madaktari wa hospitali moja jijini Nairobi waliniomba niingie katika majaribio ya dawa mpya, nikakubali. Wote tulio humo tunapewa dawa za kawaida. Nusu yetu huongezewa ile mpya, na nusu huongezewa dripu ya maji yasiyo na dawa. Sijui nimo katika nusu ipi, na daktari anayenitibu hajui pia. Wenzangu katika chumba cha walimu wamegawanyika. Wako wanaosema nimejifanya panya wa maabara, na wako wanaonipongeza kwa kupata dawa ya ng'ambo bila malipo. Kwa mtazamo wangu, pande zote mbili hazijalielewa jambo lenyewe.

Tuanze na wenye hofu. Hofu yao ina mizizi. Babu na nyanya zetu katika Afrika Mashariki walihadithiana habari za mumiani, watu waliodaiwa kuwakamata raia usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Jijini Nairobi, wakati wa ukoloni, uvumi huo uliwaandama hata wazima-moto. Mumiani ilikuwa uvumi, lakini Tuskegee ilikuwa kweli. Huko Alabama, Marekani, tangu mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila ya kuwaeleza ugonjwa wao, na hata penisilini ilipopatikana hawakutibiwa kwayo. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake mwaka 1997. Anayeyajua haya hawezi kulaumiwa akisitasita.

Lakini kusitasita kusitusahaulishe deni tulilo nalo. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, mtoto aliyefura taya. Mwaka uliofuata alichapisha makala kuhusu uvimbe huo, ambao leo ulimwengu mzima unauita kwa jina lake. Upasuaji haukufua dafu, na mashine za mionzi hazikuwapo. Mapema katika miaka ya sitini, madaktari wa Kampala na Nairobi waliwajaribia watoto wenye ugonjwa huo dawa kama vile methotreksati na siklofosfamidi. Kuna watoto ambao uvimbe wao uliyeyuka kwa muda wa siku chache, na baadhi yao wakapona kabisa. Mwaka 1967 kituo cha kutibia saratani hiyo kilianzishwa Mulago, na ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Nilipotundikiwa dripu ya kemotherapi kwa mara ya kwanza, mojawapo ya dawa zilizokuwamo ilikuwa siklofosfamidi. Basi dawa iliyoniangusha nywele na kuniongezea miaka ilipitia katika miili ya watoto wa Uganda na Kenya, ambao majina yao hatuyafundishi shuleni. Anayesema kwamba majaribio ni ya watu wengine tu anakula matunda ya mti uliomwagiliwa na jirani.

Sasa niwageukie wanaonipongeza. Dawa mpya si lazima iwe dawa bora. Katika miaka ya themanini na ya tisini, maelfu ya wanawake wa Marekani wenye saratani ya matiti walipewa kemotherapi kali mno, kisha wakarudishiwa seli za uboho wao wenyewe zilizokuwa zimehifadhiwa. Matibabu hayo yalisifiwa kote. Wengi walikataa kuingia katika majaribio wakihofu kwamba kura ingewatupa katika kundi la matibabu ya kawaida. Wakayatafuta nje, wengine baada ya kuzishtaki kampuni za bima. Kwa sababu hiyo, majaribio yenyewe yalichukua miaka mingi kukamilika.

Matokeo yalipotangazwa mwaka 1999, majaribio yaliyoaminika hayakuonyesha kwamba wanawake hao waliishi zaidi ya waliopewa matibabu ya kawaida. Utafiti mmoja uliokuwa ukiyasifu matibabu hayo, wa daktari Werner Bezwoda wa Johannesburg, ulibainika mwaka 2000 kuwa wa udanganyifu, na mwenyewe akakiri. Wanawake wengi waliteseka, na wengine wakafa kwa makali ya dawa, kwa kuwa watu waliamini kabla ya kupima. Hii ndiyo sababu ya kupiga kura katika majaribio. Daktari akiachiwa kuchagua, huenda akawapa dawa mpya wale wenye nguvu zaidi, kisha dawa ikasifiwa kwa kazi isiyoifanya.

Na hapa ndipo lugha inapoingia. Kamati za maadili zinazopitisha utafiti hudai mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Fomu niliyopewa ilikuwa ya Kiingereza, yenye kurasa zaidi ya ishirini, na nakala ya Kiswahili ilikuwapo. Niliisoma hiyo ya Kiswahili kwa kuwa mama mmoja kutoka mashambani, aliyekuwa ameketi kando yangu, aliniomba nimsomee. Tulipofika mahali palipoandikwa kwamba mshiriki "atatengwa kinasibu katika mkono mmojawapo wa utafiti", alinitazama kwa wasiwasi.

"Mwalimu, niulizie basi ni mkono upi," akasema, "maana huu wa kushoto umevimba tangu nilipopasuliwa."

Hakuna haki ya kumcheka mama huyo. Mtafsiri alikuta neno la Kiingereza ambalo kwa watu wa kawaida ni mkono, na kwa watafiti ni kundi, akachukua maana ya kwanza aliyoikuta katika kamusi. Nilimweleza hivi: "Mama, kuna makundi mawili. Kompyuta ndiyo inayopiga kura, kama refa anavyorusha sarafu kabla ya mechi. Daktari hachagui, wala wewe huchagui." Akaniuliza, "Na nikikataa?" Nikamwambia amwulize muuguzi swali hilohilo. Aliuliza, akajibiwa kwamba angeendelea kutibiwa kama kawaida. Akaomba apewe siku mbili akashauriane na mumewe na wanawe. Mama huyo hakuwa amepita darasa la nne, lakini aliuliza swali ambalo wengi wenye shahada hulisahau kabla ya kutia sahihi.

Yapo maswali mengine yanayofaa kuulizwa. Je, majaribio yamo katika awamu ya ngapi? Katika awamu ya kwanza watafiti hutafuta kipimo cha dawa ambacho mwili unaweza kukistahimili. Katika awamu ya pili hutazama kama dawa inaupunguza ugonjwa. Katika awamu ya tatu huilinganisha na matibabu yaliyopo kwa mamia au maelfu ya wagonjwa. Anayeingia katika awamu ya kwanza akidhani kwamba ameahidiwa kupona amepotoshwa. Je, ni nani atakayegharamia nauli, vipimo vya ziada na matibabu ya madhara yakitokea? Je, naweza kujitoa? Jibu la swali hili la mwisho sharti liwe ndiyo, wakati wowote, bila ya mgonjwa kuadhibiwa. Hivyo ndivyo linavyotaka Azimio la Helsinki, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kililipitisha mwaka 1964 na kulirekebisha mara kadhaa tangu hapo.

Fauka ya hayo, kuna swali ambalo linapita uwezo wa mgonjwa mmoja. Majaribio yakiisha na dawa ikafaa, ni nani atakayeipata? Katika miaka ya tisini wanawake 469 walishiriki katika majaribio makubwa yaliyothibitisha nguvu ya trastuzumab dhidi ya aina moja ya saratani ya matiti, na Marekani ikaiidhinisha dawa hiyo mwaka 1998. Kwa miaka mingi baadaye, mwanamke wa kawaida wa Kenya aliisikia kwa jina tu, kwa kuwa bei yake ilishinda hata harambee ya kijiji kizima. Yafaa Bodi ya Famasia na Sumu na kamati za maadili ziwabane watengenezaji wa dawa waseme mapema, kwa maandishi, jinsi wagonjwa wa hapa watakavyofaidika na kile walichosaidia kukipima.

Sisemi haya ili majaribio yafukuzwe nchini. La hasha! Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba Wakenya wapatao 42,000 waligunduliwa kuwa na saratani mwaka huo, na wapatao 27,000 wakafa kwayo. Ilhali katika majaribio ya dawa za saratani ulimwenguni, Waafrika ni wachache mno. Dawa zisipopimwa katika miili yetu, tutaendelea kutumia vipimo na matumaini yaliyokatwa kwa kimo cha watu wengine. Tuingie, lakini tuingie tukijua tuliko.

Kazi hii haiwezi kuachiwa hospitali peke yake. Walimu wa Kiswahili na walimu wa biolojia wana nafasi ya kuketi pamoja. Mwanafunzi anayejua kuandika insha kuhusu umuhimu wa afya anaweza pia kupewa ukurasa mmoja wa fomu ya ridhaa, akaambiwa aueleze kwa Kiswahili ambacho nyanya yake atakielewa bila ya kuuliza mkono ni upi. Anaweza kufundishwa maana ya kura, ya kundi la kulinganishia, na ya haki ya kusema hapana. Siku moja nyanya huyo, au mama yake, atamwita akae naye kwenye benchi la hospitali, na mtihani huo hautakuwa na wa kumnong'onezea jibu.

Sijui kama dripu ninayotundikiwa ina dawa au ni maji matupu. Nilielezwa hivyo, nikaelewa, nikakubali. Na maadamu ningali na nguvu za kusimama darasani, zoezi hilo la tafsiri nimekwisha kulianza na wanafunzi wangu. Juma lililopita walinirudishia majina manane ya Kiswahili ya kile kikundi kilichoitwa mkono, na yote yalieleweka.