SAFU YA MICHEZO: Tulivyomchunguza Beki wa Marina

Toleo hili safu inahamia barafuni. Tunajua wengi wenu ni watu wa mpira wa miguu, lakini vumilieni kidogo. Kuna kijana wa miaka kumi na sita anayekaa Dubai Marina, mdogo wake mwanachama mwenzetu. Baba yake ni mtu wa Tanga, mama yake wa Mombasa, naye anacheza beki katika hoki ya barafuni. Anataka kwenda Kanada ili siku moja jina lake lisomwe kwenye drafti ya NHL. Wazazi wanataka asome. Tukaombwa, kwa kuwa tunaufuatilia mchezo huu, twende tumtazame kisha tuseme kweli.

Drafti yenyewe si ile ya barazani ya vizibo vya soda. Hii hufanyika kila mwaka, timu 32 zikipokezana kuchagua vijana kwa raundi saba. Kijana lazima awe ametimiza miaka 18 ifikapo Septemba 15. Mwaka 2025 aliyechaguliwa wa kwanza kabisa alikuwa beki, Matthew Schaefer, aliyezaliwa Septemba 5, 2007. Angechelewa kuzaliwa siku kumi na moja tu, angesubiri mwaka mwingine. Tena msimu ule alicheza mechi 17 tu za ligi na timu yake ya Erie, maana Desemba alivunjika mtulinga kwenye mashindano ya dunia ya vijana. New York Islanders walimchukua hivyo hivyo.

Mechi 17! Waliona nini?

Mshambuliaji ana mabao yake, unahesabu. Beki mzuri kazi yake ni mambo yasiyotokea, na hayo hayaandikwi popote. Kwa hiyo wasaka vipaji humtazama miguu anapoteleza kinyumenyume: je, anaweza kugeuka bila kupunguza mwendo? Humtazama nafasi anayoacha kati yake na mshambuliaji anayemjia. Akiacha kubwa, anampa mtu uhuru wa kuchagua. Akiacha ndogo, anapitwa. Na kisahani kikiingia kwenye kona nyuma ya goli, humtazama shingo. Beki mwenye akili hugeuza kichwa kuangalia nani anakuja kabla hajakifikia, si baada ya kugongwa. (Kisahani ni neno letu kwa kile kiduara cheusi cha mpira wanachokipiga. Mwalimu mwenye neno zuri zaidi atuandikie.)

Basi Jumamosi tatu tulipanda metro ya laini nyekundu kutoka Marina hadi uwanja wa barafu wa Dubai Mall, daftari mkononi. Shingo ya kijana ni nzuri kupita kiasi. Mechi ya pili alifuata kisahani kwenye kona mara kumi na nne, na mara kumi na moja aligeuza kichwa kwanza. Hilo halikutushangaza tulipojua anafanyia mazoezi wapi: usiku, joto likipungua, huvaa viatu vya magurudumu akateleza kinyumenyume Marina Walk, katikati ya watalii, watoto na vigari vya wachanga. Asipogeuza kichwa pale, ataangukia meza ya mtu.

Lakini magurudumu hayo hayo yamempa tabia mbaya. Huzunguka kwa duara pana, hasa upande wa kushoto, mahali ambapo kwenye barafu angepaswa kukata ghafla. Na hurudi nyuma mno. Mshambuliaji anakaribishwa sebuleni, halafu jikoni, ndipo anaulizwa shida yake.

Shida kubwa zaidi si yake. Msaka vipaji hakai Dubai akingoja, wala haendi Mombasa Road, Nairobi, ambako Ice Lions wa Kenya wamejifunza kwenye uwanja wa Hoteli ya Panari uliofunguliwa 2005, mdogo kuliko uwanja kamili. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada iliwapeleka wale jamaa huko, wakacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Lilikuwa jambo la furaha, lakini haikuwa drafti. Anayetaka kuonekana lazima ahamie wanakoangalia, tena mapema.

Tulipokwenda kuwaamkia wazazi na kutoa ripoti, mzee aliuliza kama hawa wasaka vipaji hujua wanachokifanya. Tukamjibu: nusu nusu. Nicklas Lidström alichaguliwa wa 53 mwaka 1989, akaja kushinda tuzo ya beki bora mara saba. Zdeno Chara alikuwa wa 56 mwaka 1996, na 2011 akawa nahodha wa Boston waliobeba kombe. Mabeki huiva polepole, na kumi na saba ni umri wa kubahatisha.

Mama yake hakujali Lidström. “Wanangu, nielezeni, atasoma au atateleza?”

Hapo tulikuwa na habari njema. Zamani kijana aliyecheza ligi kubwa za vijana za Kanada alipoteza haki ya kucheza hoki ya vyuo vikuu vya Marekani, na pengine ufadhili wa masomo pamoja nayo. Tangu Agosti 2025 mlango huo umefunguliwa. Anaweza kupita njia ya kwanza na bado akaifikia ya pili.

Rai yetu tuliisema wazi mbele yake: drafti hatuioni bado. Tunaona beki mwenye kichwa kizuri na miguu inayohitaji miaka miwili ya barafu kamili, ambayo hapa ataipata kwa saa chache tu kwa wiki. Aende, lakini kwenye shule ya bweni yenye timu, na cheti kije kwanza. Kijana aliinamisha kichwa, akasema ahsante, hakutuangalia tena jioni ile.

Mama ameshaomba ratiba za masomo za shule mbili. Mzee anataka kwanza kujua gharama ya mtulinga kule Kanada.