Nana Asma'u na Elimu ya Wanawake

Wako miongoni mwetu wanaoshikilia hata leo kwamba kumsomesha mwanamke ni desturi ngeni, iliyoingia Afrika pamoja na shule za Wazungu. Na kwa kuwa itikadi hiyo huwadhulumu mabinti wengi, yatupasa kuikabili kwa ushahidi wa tarikhi. Nana Asma'u, binti wa Sheikh Usman dan Fodio, alizaliwa mwaka 1793 katika nchi ya Wahausa, ambayo sasa ni Nigeria ya Kaskazini, akafariki mwaka 1864, miaka 39 kabla Waingereza hawajauteka mji wa Sokoto.

Baba yake, aliyewalaumu waziwazi maulamaa waliowasomesha wanafunzi wao na kuwaacha wake na mabinti zao gizani, alimlea katika elimu hata akawa hodari wa Kiarabu, Kifulfulde na Kihausa, na kwa lugha zote tatu akatunga mashairi ya dini, ya tarikhi na ya maombolezo. Akitambua kwamba mama wa shamba, mwenye watoto mikononi na kazi za nyumba zisizokwisha, hana nafasi ya kusafiri kutafuta mwalimu, aliunda jamaa ya walimu wanawake, 'Yan Taru, ambao viongozi wao waliitwa kwa Kihausa 'jaji' (si hakimu wa mahakama) na kutambulikana kwa kofia pana zilizofungwa kitambaa chekundu. Bibi waliokwisha kulea, pamoja na wasichana ambao hawajaolewa, walifuatana na jaji wao hadi kwa Asma'u mjini Sokoto, wakahifadhi masomo kwa njia ya mashairi, na waliporejea vijijini wakawafunza kina mama waliobaki.

Katika zama hizo hizo, mwaka 1858, Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utendi wa nasaha, ishara kwamba kalamu ilikuwa mikononi mwa wanawake wa Kiislamu magharibi na mashariki ya bara letu.

Basi asije mzazi akamzuia bintiye kusoma kwa kisingizio cha dini au mila, maana dini na mila zina shahidi aliye kinyume chake. Na wenye madaraka ya elimu, wanapolalamika kwamba kina mama hawahudhurii madarasa ya watu wazima, wafuate njia ya Asma'u: wawaandae walimu wanawake wa vijiji vile vile, na elimu iwafikie kina mama majumbani mwao.